Mambo Binafsi ya Waheshimiwa

Ukimtaja mheshimiwa fulani na kimada wake mbele za watu, hutakosa mtu wa kukuziba mdomo. Atakwambia, "Ndugu yangu, hayo ni mambo yake binafsi. Wewe mtazame kwa kazi yake." Wengi waliokaa hapo wataitikia kwamba ni kweli. Mazungumzo yatahamia kwenye mpira au bei ya sukari, na mheshimiwa atabaki salama ndani ya kichaka chake.

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, barazani, ndani ya mabasi, misibani, hata kutoka kwa watu wa dini ambao ungetegemea waseme vingine. Nimeyatafakari kwa muda mrefu na leo nataka kuyapinga. Sina kanzu ya shehe wala joho la padri. Zinaa ni dhambi katika dini zetu, lakini kesi ya dhambi ina Hakimu wake, na si mimi. Ugomvi wa mume na mke nao una wazazi, washenga na wazee wa kuusuluhisha. Ninalolisema mimi ni jambo jingine: kiongozi wa umma mwenye hawara wa siri ana kasoro ya kikazi. Siri ile humpunguzia uhuru wa kuamua mambo yetu, na mara nyingi gharama yake hulipwa kwa mali yetu na kwa heshima ya watu wadogo walio chini yake.

Jambo binafsi ni lile linaloanzia kwa mtu na kuishia kwake na kwa watu wa nyumbani mwake. Fundi cherehani akiwa na hawara, mkewe ataumia, watoto wataona haya, na majirani watapata la kusema. Suruali yangu itashonwa vilevile. Lakini mtu aliyekabidhiwa saini, gari, fungu la fedha, askari na siri za nchi hawezi kudai kipimo cha fundi cherehani. Yeye lazima aulizwe maswali matatu. Je, nani analipia mapenzi hayo? Je, huyo mwenzake alikuwa na uwezo wa kukataa? Na je, nani mwingine anaijua siri hiyo, na anaitumiaje?

Ndugu msomaji, chukua mfano ambao sisi wa Afrika Mashariki tuliulipia bila kuuagiza.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi, karibu kwa wakati mmoja. Watu 224 walikufa, 213 Nairobi na 11 hapa kwetu. Maelfu walijeruhiwa, na Nairobi wako waliopofuka kwa vioo vilivyowarukia machoni. Wamarekani waliokufa walikuwa 12. Waliobaki, karibu wote, walikuwa watu wetu, makarani, walinzi, madereva na wapita njia, waliokuwa wametoka asubuhi kwenda kutafuta riziki.

Ilikuwa haki yetu kutegemea kwamba mkuu wa taifa lililoshambuliwa, mwenye nguvu kuliko wote duniani, angelishughulikia jambo hilo kwa akili yake yote. Lakini Jumatatu ya tarehe 17 Agosti, siku kumi tu baada ya milipuko, Rais Bill Clinton alikaa White House kwa muda wa saa nne hivi, mbele ya kamera, akijibu maswali ya jopo la raia waliokuwa wakichunguza uhusiano wake na Monica Lewinsky. Lewinsky alikuwa na miaka 22 uhusiano ulipoanza mwaka 1995, na alikuwa ameingia pale kama mwanafunzi wa mafunzo ya kazi. Rais alikuwa na miaka 49. Mwezi Januari 1998 Clinton alikuwa amekana jambo hilo mbele ya mawakili, akiwa chini ya kiapo, kisha akalikana tena mbele ya taifa zima kwenye televisheni. Usiku ule wa Agosti 17 ikabidi akiri.

Siku tatu baadaye, tarehe 20 Agosti, aliamuru makombora yarushwe Afghanistan, kwenye kambi za Osama bin Laden, na Sudan, kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa karibu na Khartoum. Unadhani dunia ilisema nini? Haikuuliza kwanza kuhusu maiti wa Dar es Salaam na Nairobi. Iliuliza kuhusu msichana. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imetoka filamu iitwayo Wag the Dog, kuhusu Rais anayebuniwa vita ili kashfa yake ya mapenzi isahaulike. Waziri wa Ulinzi, William Cohen, aliposimama mbele ya waandishi wa habari kueleza mashambulizi hayo, aliulizwa kuhusu filamu hiyo! Akalazimika kueleza kwamba nia ya serikali ilikuwa kuwalinda Wamarekani na si vinginevyo. Ushahidi uliotolewa kuhusu kile kiwanda cha dawa nao ukatiliwa shaka, na shaka hiyo haijaisha hadi leo.

Mimi siwezi kuingia moyoni mwa Clinton na kusema kwamba alirusha makombora ili kuficha aibu yake. Wasaidizi wake walisema siku zote kwamba sivyo. Lakini hapo ndipo penye uchungu: hata kama nia yake ilikuwa safi, alikuwa ameshajinyima uwezo wa kuaminiwa. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 iliandika katika ripoti yake ya mwaka 2004 kwamba kejeli ile ya filamu, pamoja na makombora kukosa shabaha yake, ugomvi wa vyama na udhaifu wa ushahidi wa kiwanda, yaelekea vilichangia kuathiri maamuzi ya baadaye ya kutumia nguvu dhidi ya bin Laden. Msomaji, tazama tulipofika! Tulianza na chumba kidogo kando ya ofisi ya Rais, tumefikia vita na amani. Je, hayo ni mambo binafsi?

Neno la kiongozi ni kama noti ya benki. Karatasi yenyewe haina thamani, thamani yake ni imani ya watu. Ukikutwa na noti bandia moja mfukoni, hata zile halali ulizonazo zitainuliwa juu ya mwanga zikaguliwe. Clinton alikaguliwa namna hiyo siku ambayo sisi tulikuwa tunazika watu wetu.

Haki yake nimpe. Wamarekani wengi hawakutaka aondolewe, kwa sababu uchumi wao ulikuwa unakwenda vizuri. Baraza la Wawakilishi lilimshtaki tarehe 19 Desemba 1998, na Seneti ikamwachia tarehe 12 Februari 1999. Wapo wanaosema kwamba maadui zake wa kisiasa walikuwa wanafiki, na baadhi yao walikuwa hivyo kweli. Lakini unafiki wa mshtaki haumsafishi mshtakiwa. Clinton aliwajua maadui zake fika. Alijua kwamba wanamvizia usiku na mchana, na bado akawapelekea kisu mwenyewe. Huko ndiko kukosa busara ninakokuzungumzia. Mtu anayekabidhiwa ufunguo wa silaha za nyuklia hatakiwi kuwa malaika, lakini anatakiwa awe na uwezo wa kujizuia.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Mwaka 1961 John Profumo alikuwa Waziri wa Vita wa Uingereza katika serikali ya Harold Macmillan. Julai mwaka ule alikutana na Christine Keeler, msichana wa miaka 19, kwenye jumba la kifahari la Cliveden, na uhusiano ukaanza. Msichana huyohuyo alikuwa na ukaribu na Yevgeny Ivanov, afisa wa jeshi la majini aliyekuwa ubalozi wa Urusi ya Kisovieti mjini London, na ambaye pia alikuwa jasusi. Kumbuka kwamba huo ulikuwa mwaka wa kujengwa ukuta wa Berlin. Waziri wa Vita wa nchi moja na jasusi wa nchi adui walikuwa wakipishana mlangoni kwa mtu mmoja.

Minong'ono ilipozidi, mawaziri wenzake walikaa naye usiku wa manane kumwandalia maneno ya kusema. Tarehe 22 Machi 1963 alisimama Bungeni, Waziri Mkuu akiwa ameketi kando yake, akasema kwamba hakukuwa na jambo lolote lisilofaa baina yake na yule msichana. Tarehe 5 Juni akajiuzulu, kwa kuwa alikuwa amelidanganya Bunge. Jaji Denning alichunguza na kuandika kwamba hakuona siri za nchi zilizovuja. Vema. Lakini tatizo halikuwa lazima siri ivuje. Tatizo ni kwamba kwa muda wa miaka miwili usalama wa nchi ulining'inia kwenye busara ya watu ambao hakuna aliyewachagua wala kuwaapisha. Macmillan aliondoka madarakani Oktoba 1963 kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka uliofuata chama chake kikashindwa uchaguzi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mheshimiwa hudhani siri ni yake na kimada wake. Sivyo hata kidogo. Anayo dereva, anayo mlinzi, anayo mhudumu wa nyumba ya wageni, anayo rafiki aliyeazima ufunguo, anayo shoga wa kimada. Kila mmoja wao ameshika kipande cha kamba, na siku akihitaji kitu atakivuta.

Usidhani kwamba mambo hayo ni ya White House na Cliveden tu. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi katika ofisi moja ya umma mkoani, ambayo sitaitaja. Mkuu wetu alikuwa mchapakazi, msomi, mtu wa kauli nzuri. Alikuwa pia na bibi wa pembeni katika mtaa wa pili wa mji. Kila jioni Land Rover ya idara ilikuwa ikiegeshwa chini ya mwembe karibu na nyumba ya huyo bibi, na dereva akisinzia ndani yake hadi saa tatu au saa nne usiku. Kwenye kitabu cha safari za gari dereva aliandika neno moja tu kila siku: "Kikao." Mkuu aliweka saini.

Baada ya miezi michache yule dereva akawa mtu mwingine. Alianza kunyonya mafuta ya gari kwa mpira na kuyauza kwa madumu, mchana kweupe. Mtunza stoo alilalamika kwa maandishi. Mkuu akamwita na kumwambia kwa upole aachane na kijana wa watu. Tulielewa sote. Mkuu angewezaje kumwadhibu mtu ambaye anajua vikao vilikuwa wapi? Baada ya hapo kila aliyekuwa na mikono mirefu aliinyoosha, kwa sababu yule wa kuikata alikuwa amefungwa yake. Msimu wa kugawa mbegu ulipofika, hakukuwa na mafuta. Mabwana shamba walikaa nyuma ya ofisi wakicheza bao, na mbegu zikafika vijijini wiki mbili baada ya mvua za kupandia. Wakulima wale hawakumjua yule bibi wala hawakuwahi kumwona. Lakini walilipa.

Sasa mtu akiniambia niwatazame viongozi kwa kazi zao, ninamjibu kwamba ndivyo ninavyofanya. Nimetazama kazi, nikakuta mapenzi yameketi juu yake.

Kimo cha mtu na elimu yake havimwokoi na upuuzi huu. David Petraeus alikuwa jenerali aliyesifiwa sana Marekani, kisha akawa mkuu wa shirika la ujasusi la CIA. Mwezi Novemba 2012 alijiuzulu baada ya kufichuka uhusiano wake na Paula Broadwell, aliyekuwa ameandika kitabu cha maisha yake. Mkuu wa majasusi alikuwa akiwasiliana na hawara wake kwa kuacha barua ambazo hazijatumwa katika sanduku moja la barua pepe, wakizisoma kwa zamu! Kibaya zaidi, alikuwa amempa madaftari manane ya kazi yenye siri za vita, yakiwamo majina ya maofisa waliotakiwa wasijulikane. Mwaka 2015 alikiri kosa mahakamani, akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 100,000. Askari wa cheo cha chini angefanya hivyo, sidhani kama angeishia kulipa faini.

Najua wapo watakaosema kwamba hiyo ni mizozo ya Wazungu, sisi Waafrika tuna mila zetu na mwanamume wa Kiafrika hana mke mmoja. Hoja hii huletwa kwa majigambo, lakini haisimami hata kidogo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi. Mke wa pili wa halali ana jina, ana mahari, ana mashahidi, ana haki yake mume akifa. Anajulikana kwa mke mwenzake, kwa wakwe na kwa jirani. Hakuna mtu anayeweza kumtisha kiongozi kwa kutangaza ndoa ambayo ilishatangazwa. Kimada ni kinyume cha hayo yote. Yeye amefichwa, na mwenye kuficha ndiye mwenye kutishika. Kwa hiyo wanaokimbilia mila zetu kutetea nyumba ndogo wanazitukana mila hizo. Sheria hiyohiyo ya Ndoa inampa mume au mke haki ya kudai fidia kwa mtu aliyezini na mwenzi wake. Watunga sheria wetu hawakuona kwamba jambo hili ni utani.

Tena mila haikumzuia Jacob Zuma wa Afrika Kusini kukosa busara. Alipokuwa Makamu wa Rais, kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, aliongoza Baraza la Taifa la Ukimwi la nchi ile, na akawa mstari wa mbele katika harakati za kurejesha maadili. Mwaka 2006 alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kubaka, akaachiwa. Hukumu ya mahakama ninaiheshimu. Lakini yeye mwenyewe alisema kizimbani kwamba alilala na yule mwanamke bila kinga, akijua kwamba ana virusi vya Ukimwi, kisha akaoga ili kupunguza hatari. Hayo yalitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kupewa jukumu la kuongoza vita dhidi ya ugonjwa huo, katika nchi ambayo mamilioni walikuwa nao! Mwaka 2010, akiwa Rais na mwenye wake watatu wa ndoa, ilibidi aliombe radhi taifa kwa mtoto aliyezaa nje. Wake watatu hawakutosha kumfundisha kujizuia. Basi tusidanganyane kwamba dawa ya tamaa ni idadi.

Hapa kwetu tumekuwa wepesi wa kuhesabu mali na wazito wa kuhesabu mwenendo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 tukapata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali zake. Kwa hiyo tunamwuliza ana nyumba ngapi, lakini nyumba ndogo hatuiulizi, ingawa mara nyingi ndiyo inayokula kuliko zote. Ina kodi, ina samani, ina ada za shule, ina safari. Mshahara wa mheshimiwa una familia moja juu yake. Pengo linajazwa kutoka wapi? Kwa posho za safari ambazo hazikusafiriwa, kwa zabuni aliyopewa shemeji wa pembeni, kwa "asante" ya mfanyabiashara aliyeuona upungufu na kujitolea kuuziba. Anayetafuta mizizi ya rushwa na asitazame huko anachimba upande mmoja wa shina.

Kuna pia lile swali la nani aliweza kukataa. Katibu muhtasi wa miaka 23 anaitwa na bosi ofisini baada ya saa za kazi. Bosi ndiye anayejaza fomu yake ya kupandishwa cheo, ndiye anayeweza kumhamishia wilaya ya mbali kesho asubuhi. "Ndiyo" ya msichana huyo ina uzito gani? Sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa, katika kifungu cha 25, imeliita jambo hili kwa jina lake: kudai ngono kwa kutumia mamlaka ni rushwa. Sheria ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuacha kucheka.

Maana tunacheka. Hapo ndipo ninapowageukia wenzangu raia. Habari ya mheshimiwa na kimada ikitoka, tunamwita mwanamume "dume" na mwanamke tunamwita majina ambayo siyaandiki hapa. Tazama hesabu ilivyokwenda kwa hao niliowataja. Profumo alilidanganya Bunge, na hakulala jela hata usiku mmoja. Keeler alisema uongo mahakamani katika kesi nyingine, akafungwa miezi tisa mwezi Desemba 1963. Clinton alimaliza kipindi chake, akazunguka dunia akitoa hotuba na kushangiliwa. Lewinsky aligeuzwa kichekesho cha dunia nzima akiwa na miaka 24, na kwa miaka mingi jina lake likabaki kuwa matusi. Mwenye mamlaka zaidi alilipa kidogo, mwenye mamlaka kidogo akalipa zaidi. Huo si uadilifu, ni ukatili uliovaa kilemba cha uadilifu.

Hata hivyo Profumo alifanya jambo moja ambalo waheshimiwa wetu wangeweza kujifunza. Baada ya kujiuzulu hakuanzisha chama, hakukodisha waandishi wa kumtetea, hakusubiri upepo utulie ili ateuliwe tena. Alikwenda Toynbee Hall, kituo cha kusaidia maskini mashariki mwa London, akaanza na kazi za kuosha vyombo na kusafisha vyoo, akaendelea kukitumikia kituo kile kwa miongo kadhaa. Mwaka 1975 Malkia alimpa nishani kwa kazi hiyo. Alikufa mwaka 2006 akiwa ameirudisha heshima yake kwa jasho, polepole, bila kumwomba mtu cheo.

Sitaki askari wa kuchungulia madirishani. Serikali inayopekua vitanda vya watu ni mbaya kuliko wazinzi wote, na gazeti linalouza picha za chumbani linafanya biashara, halifanyi uzalendo. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Kiongozi asiwe na mapenzi na mtu aliye chini ya saini yake. Ikiwa moyo umempeleka huko, mmoja wao ahamishwe kabla, na iandikwe. Gari la umma, nyumba ya umma na fedha ya umma zisitie mguu katika mapenzi ya mtu, na anayekutwa ashitakiwe kwa wizi kama mwizi mwingine. Na kiongozi aliyesimama mbele ya wananchi akawadanganya, aondoke, hata kama jambo alilodanganya ni la chumbani. Akiweza kutudanganya kwa aibu ndogo, kwa hatari kubwa atafanya nini?

Waheshimiwa, hakuna aliyewashika mkono kuwalazimisha kuomba vyeo hivyo. Mliomba wenyewe, mkaapa wenyewe, wengine mkiwa mmeshika Biblia na wengine Kurani. Kama maisha ya kificho ndiyo mnayoyapenda, rudini kwenye kazi ambazo kificho chenu hakitamdhuru mkulima anayengoja mbegu. Tutawaachia mambo yenu binafsi siku hiyohiyo, na wala hatutauliza gari limeegeshwa wapi.